Ujenzi wa Maneno ya Kiingereza: Kitabu cha Norman Lewis na Wanafunzi Wetu

Miongoni mwa vitabu vinavyomfundisha mtu kuongeza maneno yake ya Kiingereza, ni vichache vilivyosomwa kwa muda mrefu kama kile cha Norman Lewis, Mmarekani, kiitwacho Word Power Made Easy. Kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1949, kikatengenezwa upya mwaka 1978, na hata leo chauzwa na kusomwa katika nchi nyingi. Wako walimu wanaokitumia chenyewe, na wako wanaoitumia njia yake pasipo kulitaja jina lake: huandika ubaoni safu ya mizizi ya Kilatini na Kiyunani, na maana zake kando, na wanafunzi huikariri yote kwa moyo. Katika kurasa hizi twataka kukipima kitabu hiki, si kwa mizani ya Wamarekani walioandikiwa, bali kwa mizani ya mwanafunzi aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya pili au ya tatu.

Jambo lenyewe si dogo. Katika Tanzania shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kusikia habari za mvuke, za pumzi na za mwanga kwa maneno ya nyumbani, aingiapo kidato cha kwanza hukutana na "evaporation", "respiration" na "transparent" katika juma moja. Asipoyajua maneno hayo hakosi maneno tu, hukosa somo lenyewe. Na mwalimu wa sayansi humhesabu kuwa mzito wa akili, kumbe akili anayo, ila mlango wa nyumba umefungwa na ufunguo hakupewa. Kwa hiyo mwalimu anayechagua njia ya kufundisha maneno achagua pia ni wangapi watakaoingia na ni wangapi watakaobaki nje.

Kwanza tukipe kitabu sifa zake, kwani anazo nyingi mwandishi huyu. Hakuyapanga maneno kwa alfabeti, kama orodha ya bidhaa dukani, bali kwa mambo: hapa tabia za watu, hapa matabibu, hapa maneno ya kusifu, hapa ya kulaumu. Huanza kwa kueleza mtu wa namna fulani, kisha hulitaja jina lake, kisha hulifungua jina hilo na kuonyesha limejengwa kwa nini. Akishamwita achukiaye watu "misanthrope", humwonyesha msomaji ya kuwa neno hili lina vipande viwili vya Kiyunani, kimoja cha kuchukia na kimoja cha mwanadamu. Na kutoka hapo huzaa "philanthropist", apendaye watu, na "anthropology", elimu ya wanadamu. Kisha humrudisha nyuma mara nyingi kwa maswali na majibu, hata neno lizoeleke kinywani. Mwalimu ye yote ajua ya kuwa kurudia ndiko kufundisha, na Lewis hachoki kurudia.

Tena anaamsha jambo ambalo kila mtu mwenye kupenda lugha hulifurahia, yaani ukoo wa maneno. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tutoe mfano mmoja kutoka kitabuni. Lewis aeleza ya kuwa Kilatini cha mkono wa kulia ni "dexter", na humo limetoka "dexterity", yaani wepesi wa mikono katika kazi. Na Kilatini cha mkono wa kushoto ni "sinister", ambalo kwa Kiingereza limekuwa neno la ubaya na la kutisha. Msomaji wetu asidhani ya kuwa huo ni ugeni wa Wazungu. Kwa nini nasi twasema mkono wa kulia? Kwa sababu ndio mkono wa kulia chakula. Na kwa nini wazee husema mkono wa kuume? Kwa sababu wauhesabu kuwa wenye nguvu kama mwanamume. Lugha zote mbili zimeupa mkono mmoja heshima na kuunyima wa pili. Mwalimu akiuonyesha ulinganifu huu, darasa zima litalikumbuka neno "dexterity" bila kulikariri.

Baada ya sifa hizi hatuna budi kuzitaja kasoro, nazo ni tatu kwa shule zetu.

Ya kwanza ni uchaguzi wa maneno. Lewis aliwaandikia watu ambao Kiingereza walikinyonya pamoja na maziwa ya mama, wakitaka sasa kujipamba. Hao hawana haja ya kufundishwa "increase", wala "consist", wala "require". Lakini mwanafunzi wetu hujikwaa hasa katika maneno hayo, kwa kuwa yamo katika kila ukurasa wa jiografia na katika kila swali la mtihani. Akijua "misogynist" asijue "require", amevaa kilemba na miguu iko peku. Kosa hapa si la mwandishi, ni la sisi tunaochukua kitabu cha wenyeji na kukitia mikononi mwa wageni.

Kasoro ya pili imo katika njia ya mizizi yenyewe. Iko mizizi iliyo hai na iko iliyolala. Mzizi wa Kiyunani usemao "maisha" u hai katika "biology" na "biography". Ukiujua, maana yatokea. Lakini tazama "receive", "deceive", "perceive" na "conceive". Mzizi wao wote ni kitenzi cha Kilatini cha kutwaa. Je, mwanafunzi ajuaye ya kuwa "-ceive" ni kutwaa ataweza kutambua ya kuwa la pili ni kudanganya na la tatu ni kuona au kuhisi? Hawezi. Historia ya neno ni kweli, lakini maana imetembea mbali na chimbuko lake, kama mto uliohama bonde lake la kale. Kwa maneno kama haya mzizi hufaa kukumbusha mtu aliyekwisha kulijua neno. Haufai kumfunulia asiyelijua. Lewis hutumia mizizi kwa kazi zote mbili, na mipaka kati yake haiwekwi wazi kama inavyompasa mgeni.

Kasoro ya tatu ni ndogo, lakini humsumbua mwalimu kila siku, nayo ni tahajia. Kitabu kimefuata maandishi ya Marekani, na shule za Afrika ya Mashariki zilirithi maandishi ya Uingereza. Tabibu wa watoto kwa Wamarekani ni "pediatrician", kwa Waingereza ni "paediatrician". Hapa tahajia ya Waingereza humsaidia mwanafunzi, maana huweka mbali mizizi miwili isiyo ndugu: ule wa Kiyunani wa mtoto, na ule wa Kilatini wa mguu, ulio katika "pedestrian", mwenda kwa miguu. Katika maandishi ya Marekani mizizi hii miwili yafanana kabisa, na tabibu wa watoto aweza kudhaniwa kuwa tabibu wa miguu. Hata "orthopaedic", ambalo leo ni habari ya mifupa na viungo, lilitungwa na Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741 kwa vipande vya "kunyoosha" na "mtoto", kwa sababu aliandika juu ya kunyoosha miili ya watoto iliyopindika. Mwalimu akikitumia kitabu hiki, na aandike tahajia zote mbili ubaoni.

Lakini juu ya kasoro hizi liko jambo ambalo Lewis hakuweza kulijua, nalo ndilo hasa tunalotaka kuwakumbusha walimu wenzetu. Mwandishi humfundisha msomaji wake kana kwamba habari ya shina na viambishi ni siri mpya. Kwa mtoto wa Kiswahili si mpya hata kidogo. Yeye amekuwa fundi wa kazi hiyo tangu alipoanza kusema. Alipotunga kamusi iliyotoka mwaka 1939, Frederick Johnson aliyakusanya maneno mengi chini ya shina la kitenzi, kwa kuwa hivyo ndivyo Kiswahili kilivyojengwa. Kutoka shina moja la "cheza" twapata mchezo, mchezaji, uchezaji, chezea, chezesha na chezeka, wala hakuna mtoto anayehitaji kamusi kuyaelewa. Anachohitaji mtoto huyu ni kuonyeshwa ya kuwa Kiingereza hufanya kazi ile ile, ila kimegeuza mahali.

Tueleze jambo hili kwa utaratibu. Tuite kiambishi cha mbele kipande kinachotangulia shina, na kiambishi cha nyuma kipande kinachofuata. Chukua mtoto, kitoto, utoto. Ni nini kinachotuambia ya kuwa la kwanza ni mtu, la pili ni namna au udogo, la tatu ni hali? Ni kiambishi cha mbele. Sasa chukua "child", "childish", "childhood". Kinachotuambia hali na namna ni kiambishi cha nyuma. Kisha chukua funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kitendo kimetenguliwa, na badiliko liko mwishoni. Kwa Kiingereza ni "tie" na "untie", "fold" na "unfold": badiliko liko mwanzoni. Basi kwa jumla twaweza kusema hivi: Kiswahili huonyesha aina ya jina kwa kichwa cha neno na hugeuza maana ya kitendo kwa mkia, Kiingereza hugeuza maana kwa kichwa na huonyesha aina ya neno kwa mkia.

Kanuni hii ina mipaka yake. Mchezaji ana alama mbele na nyuma pia, na Kiingereza kina "enlarge", ambamo kichwa ndicho kilichofanya kitenzi. Hata hivyo kanuni yafaa sana, maana yatueleza kosa tunalolisikia darasani kila mwaka. Mwanafunzi aandika "he is very beauty", au "the succeed of the farmer". Jicho lake limezoea kutafuta aina ya neno mbele, nalo halikuuangalia mkia. Hakupungukiwa na bidii. Hakuambiwa atazame wapi. Mwalimu akimwambia mara moja tu, "Kwa Kiswahili tazama kichwa, kwa Kiingereza tazama mkia," atakuwa amempa msaada ambao safu ndefu ya mizizi haiwezi kumpa.

Vivyo hivyo na mabadiliko ya sauti. Wanafunzi hulalamika ya kuwa kiambishi "in-" cha kukanusha hakitulii: mara ni "im-" katika "impossible", mara ni "il-" katika "illegal", mara ni "ir-" katika "irregular". Waulizwe basi: wingi wa ubao ni nini? Mbao. Na wingi wa ulimi? Ndimi. Na kwa nini twasema nyumba ndefu, wala si nyumba nrefu? Sauti ya n ikikutana na sauti nyingine, hukubaliana nayo ili ulimi usikwame. Kilatini kilifanya kwa namna yake jambo ambalo Kiswahili hulifanya kwa namna yake. Mtoto ajuaye kusema mbao na ndimi pasipo kufundishwa hana sababu ya kuiogopa "irregular".

Hata hivyo lazima tuonye, kwa maana sura ya neno yaweza kudanganya. Ushahidi tunao nyumbani. Kitabu ni neno la Kiarabu, na ki- yake ni sehemu ya shina. Lakini Waswahili waliisikia kama ki- ya kiti, wakasema vitabu, na leo vitabu ndiyo sahihi. Vivyo hivyo amri ya Kiingereza iliyoandikwa barabarani ya kushika kushoto imekuwa kipilefti, na wingi wake vipilefti. Lugha nzima yaweza kufanya hivyo na kusamehewa. Mwanafunzi katika mtihani hasamehewi. Akiona "un-" katika "uniform" akadhani ni ya kukanusha, amepotea, kwani humo mna "uni-", yaani moja. Akidhani "invaluable" ni kitu kisicho na thamani, amegeuza sifa kuwa tusi, maana ni kitu cha thamani isiyopimika. Na akidhani "inflammable" ni kitu kisichoshika moto, aweza kuiteketeza nyumba. Batia Laufer, mwalimu wa elimu ya lugha, aliandika mwaka 1997 juu ya maneno ya namna hii, yanayojifanya wazi kumbe yamefumbika. Wanafunzi wageni hulifahamu "infallible" kuwa kitu kisichoweza kuanguka, na "shortcomings" kuwa matembezi mafupi. Wajenzi hao walitumia mizizi kwa uaminifu, na nyumba ikaanguka.

Ni nini basi kitakachomlinda mwanafunzi? Ni maneno jirani, yaani maana ya sentensi nzima na ya habari nzima. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya maana ni maneno yaliyolizunguka neno. Lakini hapa napo pana sharti ambalo walimu wengi hulisahau. Hu na Nation, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliona ya kuwa msomaji wa lugha ya kigeni, ili aelewe hadithi vyema pasipo msaada, apaswa kuyajua maneno kama 98 katika kila 100. Maana yake ni kwamba neno geni moja katika kila maneno 50 laweza kukisiwa. Lakini yakiwa matano au sita katika mstari mmoja, majirani wenyewe ni wageni, na mgeni hawezi kumtambulisha mgeni mwenzake. Kumwambia mtoto "kisia maana" katika kitabu kilichomzidi ni kumtuma gizani bila taa. Basi wajibu wa kwanza wa mwalimu ni kuchagua masomo mepesi ya kutosha, na kuyatoa mengi.

Tuonyeshe sasa jinsi mambo haya yanavyoweza kwenda pamoja. Mwalimu na aandike sentensi hii: "The rains here are unpredictable, so farmers cannot tell when to plant." Neno geni ni "unpredictable". Kwanza wanafunzi wasome mpaka mwisho, nao wataona ya kuwa wakulima hawajui wakati wa kupanda. Tayari wana nusu ya maana. Pili watazame mkia: "-able" hufanya neno la sifa, na maana yake yakaribiana na -ika yetu, kama katika kusomeka na kuvunjika. Tatu watazame kichwa: "un-" hukanusha. Nne wafikie shina, "predict", ambalo lenyewe lina "pre-" ya kutangulia na mzizi wa kusema uliomo katika "dictate" na "dictionary": kusema kabla ya jambo kutukia, yaani kutabiri. Kisha waandike chini yake neno la Kiswahili: isiyotabirika. Waitazame vizuri: -si- ndiyo "un-", tabiri ndiyo "predict", -ik- ndiyo "-able". Kila kipande kimepata ndugu yake. Mwisho warudi kwenye sentensi na kuuliza: Je, maana hii yapatana na shida ya wakulima? Ikipatana, imekubaliwa. Isipopatana, sentensi ndiyo iliyo hakimu, wala si mzizi. Ndipo kamusi ifunguliwe.

Utaratibu huu twaupendekeza kwa walimu wote: sentensi, mkia, kichwa, shina, kisha sentensi tena. Lewis huanza kwa neno na hufika kwa mzizi. Sisi tuanze kwa habari na kurudi kwa habari, na mzizi uwe kituo cha njiani.

Na mizizi ya Kiyunani na Kilatini tuifundishe kuanzia ile ambayo imekwisha kuingia nyumbani mwetu. Mwanafunzi asemaye jiografia anao tayari mzizi wa nchi na mzizi wa kuandika. Asemaye biolojia anao mzizi wa maisha. Asemaye sentimita anao mzizi wa mia, ule ule ulio katika "century", miaka mia moja. Wachungaji wetu walitajapo neno askofu hutamka neno la Kiyunani lililopitia Kiarabu, lenye maana ya mwangalizi. Na kile kipande chake cha kuangalia ndicho kilicho katika "telescope" na "microscope". Anayesema Biblia amelitamka neno la Kiyunani la vitabu, nalo ndilo lililo ndani ya "bibliography". Katika mambo mengine Kiswahili chatangulia hata Kiingereza kwa uwazi: usanisinuru ni kusanisi kwa nuru, na mtoto aisikia nuru humo mara moja, ambapo kijana wa Kiingereza apaswa kwanza kuambiwa ya kuwa "photo" katika "photosynthesis" ni mwanga kwa Kiyunani. Mwalimu akiyatumia maneno haya kama daraja, Kiswahili hakitakuwa kizuizi cha Kiingereza kama wengine wanenavyo, bali msingi wake.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Kitabu cha Norman Lewis na kikae katika kabati la mwalimu, wala kisitupwe, kwa kuwa kina furaha ya maneno na kina mazoezi mema. Mwanafunzi wa vidato vya juu aliyekwisha kusoma sana atafaidika nacho. Lakini kisiwe kitabu cha kidato cha kwanza, wala orodha zake zisikaririwe na watoto ambao bado wanatafuta "require" na "consist". Kwa hao tuweke kwanza masomo mepesi mengi, na tuwafundishe kutazama mkia wa neno, na tuwakumbushe kila siku ya kuwa ufundi huu wa kuunda maneno wamezaliwa nao. Mtoto akijua ya kuwa ameingia darasani na chombo mkononi, hatashika kazi kama mtu anayeomba, bali kama fundi aliyehamia karakana mpya, ambaye apaswa tu kujifunza patasi zimetundikwa ukuta gani.